MASHARTI YATAJWE MLANGONI

Hotuba iliyotolewa mjini Musoma katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi wa sasa



Barua ya mwaliko ilinitaka niseme neno juu ya kompyuta, kazi ambayo ndiyo inayonilisha. Neno hilo ni pana kama ziwa letu, na mtu akitaka kulivuka lote kwa nusu saa atazama. Kwa hiyo nimechagua jambo moja dogo. Nitasema juu ya kiolezo katika programu ya kompyuta, na jinsi inavyowezekana kujua mapema, kabla programu haijaanza kazi, kwamba kile tunachokitia ndani ya kiolezo kinakifaa au hakikifai. Jambo hili limewashughulisha wataalamu wa dunia kwa zaidi ya miaka thelathini, nami naamini lina funzo hata kwa asiyekusudia kuandika programu maisha yake yote.

Tuanze mwanzo. Kompyuta haijui Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kijita. Inajua tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Binadamu huandika maagizo yake kwa lugha maalumu ambayo yeye anaweza kuisoma, kisha hapana budi maagizo hayo yageuzwe kuwa yale ambayo mashine inayaelewa. Kuna njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni ya mkalimani. Yeye husimama kando ya mzungumzaji na kugeuza sentensi moja moja kadiri zinavyotamkwa. Mzungumzaji akisema upuuzi katika sentensi ya 40, wasikilizaji wamekwisha kuzisikia 39, na mkutano umekwisha kuharibika. Njia ya pili ni ya mfasiri. Yeye huchukua kitabu chote, akajifungia nacho, akakisoma toka jalada hadi jalada, na kila penye kasoro akapaona kabla msomaji hajakishika.

Sisi wa Mara tuna mfano mzuri wa mfasiri. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ile ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, naye hakuridhika, akairudia na kuisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969. Na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo zilitoka akiwa Rais wa nchi. Kazi ya kufuta na kuandika upya ilifanyika mezani, wala haikufanyika jukwaani mbele ya watazamaji.

Katika kazi yetu mfasiri huyo ni programu inayoitwa kompaila. Kwa hiyo tunazo nyakati mbili: wakati wa kufasiri na wakati wa kutenda. Kosa likigunduliwa wakati wa kufasiri, gharama yake ni dakika chache za mwandishi. Likigunduliwa wakati wa kutenda, huenda fedha za watu zimekwisha kupotea katika benki, au mgonjwa amekwisha kupewa kipimo kisicho chake.

Jambo la pili ni aina. Kila kitu ndani ya programu kina aina yake: namba, neno, tarehe, orodha ya majina. Kompaila huchunguza aina hizo kama karani anayechunguza hati. Ukimwambia ajumlishe jina la mtu na tarehe, atakataa. Lakini karani huyo hukagua yale tu aliyoandikiwa. Mwezi Desemba 1998 Marekani ilirusha chombo cha kwenda kuzunguka sayari ya Mihiri. Programu moja duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha Kiingereza cha ratili, na programu nyingine ikazipokea kana kwamba ziko kwa kipimo cha newtoni. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni karibu mara nne na nusu. Chombo kikashuka chini mno, na tarehe 23 Septemba, 1999 kikapotea. Gharama ya chombo chenyewe inatajwa kuwa dola milioni 125. Kwa programu zote mbili namba ilikuwa ni namba tu. Hakuna aliyeambiwa kwamba namba hii ni ya ratili na ile ni ya newtoni. Na ipo njia ya kuipa kila namba aina ya kipimo chake, ili kompaila ikatae kuzichanganya. Nasema hili ili wadogo zetu wasidhani kwamba habari ya aina ni mchezo wa wasomi.

Sasa tufike kwenye kiolezo chenyewe. Wenzangu wa zamani mnaikumbuka siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967. Wengi wenu mlifyatua matofali katika shule mbalimbali za mkoa huu. Kalibu ya tofali ni mbao nne zilizopigiliwa misumari. Kalibu haina udongo wake. Ukiitilia udongo wa mfinyanzi inatoa tofali. Ukiitilia udongo wa kichuguu inatoa tofali. Ukiitilia mchanga na saruji inatoa tofali. Fundi amechonga kalibu mara moja, nayo inafyatua maelfu ya matofali ya namna mbalimbali.

Kiolezo katika programu ni kalibu hiyo. Mwandishi haandiki programu moja ya kupanga namba, ya pili ya kupanga majina, na ya tatu ya kupanga tarehe. Huandika kiolezo kimoja cha kupanga vitu, akaacha nafasi wazi ya aina. Ukikipa aina ya namba, kompaila inafyatua programu ya kupanga namba. Ukikipa aina ya majina, inafyatua ya kupanga majina.

Anayesema Kiswahili ana violezo kinywani mwake tangu utoto. Chukua mzizi -zuri. Peke yake haujawa neno. Ni nafasi inayosubiri. Ukiupa mtu unatoa mzuri, ukiupa kitabu unatoa kizuri, ukiupa maji unatoa mazuri. Tena lugha yetu inayo masharti. Neno -ngapi linataka vitu vinavyohesabika: tunasema watu wangapi, vitabu vingapi, lakini tunasema unga kiasi gani. Mtoto wa miaka minne hajasoma sarufi, lakini mtu akisema “unga mangapi” atacheka hapo hapo. Amelikagua sharti mlangoni, kabla sentensi haijaisha.

Lugha ya programu ninayotaka kuisema ni ile iitwayo C++. Ilianzishwa na Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark, katika maabara ya Bell huko Marekani, kazi yake ikianza mwaka 1979 na jina hilo likipatikana mwaka 1983. Mwaka 1988 alitoa hadharani mpango wake wa violezo. Yeye mwenyewe ameeleza baadaye kwamba alitaka mambo matatu: kwanza, kiolezo kiweze kueleza mambo mengi hata yale ambayo yeye hakuyafikiria, pili, programu inayofyatuliwa iwe na mwendo wa kasi sawa na ile iliyoandikwa kwa mkono, tatu, masharti ya kiolezo yatajwe waziwazi. Alipata mawili ya kwanza. La tatu lilimshinda kwa wakati ule, kwa sababu kila njia aliyoiona ya kutaja masharti ilibana mno uhuru au ilipunguza kasi. Violezo vikaingia katika lugha bila mlinzi mlangoni.

Na vilifanya kazi kubwa. Alexander Stepanov na Meng Lee, wakiwa katika kampuni ya Hewlett-Packard, walitengeneza hazina nzima ya violezo vya kutafuta, kupanga, kuhesabu na kuhifadhi, nayo ikakubaliwa mwaka 1994 kuwa sehemu ya lugha. Kanuni rasmi ya kimataifa ya lugha hiyo ikatolewa mwaka 1998.

Lakini kukosekana kwa mlinzi kulileta taabu, nami nataka muione kwa mfano mmoja ambao kila mwalimu wa lugha hiyo anaujua. Kuna njia mbili za kuweka vitu. Ya kwanza ni kama madawati ya darasani yenye namba: ukimtaka wa 27, unakwenda moja kwa moja kwenye dawati la 27. Ya pili ni kama mlolongo wa watu walioshikana mikono gizani: kila mtu anamjua aliye mbele yake na aliye nyuma yake, basi. Ukimtaka wa 27, huna budi kuanza na wa kwanza ukahesabu. Kiolezo cha kupanga katika hazina ile kinahitaji madawati, kwa sababu kinaruka-ruka, na kinahitaji kutoa nafasi moja katika nyingine ili kujua umbali. Mlolongo hauwezi jambo hilo.

Sasa mwanafunzi anaupa mlolongo kiolezo cha kupanga. Maagizo yake ni mstari mmoja. Kompaila inaupokea mlolongo bila swali, maana hakuna sharti lililoandikwa. Inaanza kufyatua. Inaingia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, na huko ndani kabisa inakuta agizo la kutoa nafasi katika nafasi, ambalo mlolongo hauliwezi. Hapo inapiga kelele. Inataja jina la chumba ambacho mwanafunzi hakukiandika, wala hajui kwamba kipo. Inataja njia yote iliyopitia. Inataja kila aina ya kutoa inayoijua na sababu kwa nini kila moja haikufaa. Ukurasa wa kwanza unajaa, wa pili, hata wa tatu, tena kwa Kiingereza kigumu. Kosa lilikuwa moja, nalo lingeweza kusemwa kwa maneno machache: “Kiolezo hiki kinahitaji madawati, wewe umeleta mlolongo.”

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito wa jambo. Wakati huo kosa liligunduliwa mapema, kweli, kabla ya programu kutenda. Lakini liligunduliwa mahali pasipofaa na likaelezwa kwa asiyehusika. Ni kama mtu aliyeleta udongo wenye mchanga mwingi. Fundi anaupokea, anaufyatua, anaanika, anapanga tanuru, anachoma. Tofali zinapasuka. Kisha anamwita mwenye udongo, na badala ya kumwambia “udongo wako una mchanga,” anamsomea habari za moto, za kuni, za mpango wa tanuru na za upepo wa usiku ule. Mwenye udongo anarudi nyumbani akiamini kwamba ufundi wa matofali ni elimu ya wateule. Nimewaona vijana wenye akili nzuri wakiiacha kazi hii kwa sababu hiyo tu. Hawakushindwa na hesabu wala na mantiki. Walikatishwa tamaa na kurasa tatu zilizowaambia kila kitu isipokuwa walichohitaji kujua.

Fundi mzuri hufanyaje? Huchukua udongo kiganjani, huulowesha, huusokota uwe kama kamba. Ukikatika-katika, anasema hapo hapo: hauna mfinyanzi wa kutosha. Jaribio hilo ni la dakika moja, tena linafanyika mbele ya mwenye udongo, kwa maneno anayoyaelewa.

Waandishi wa C++ walijaribu kwanza njia za vichochoro. Katika lugha hiyo ipo kanuni kwamba kiolezo kikishindwa kuikubali aina katika tamko lake la mwanzo, jambo hilo lisihesabiwe kuwa kosa. Kiolezo hicho kinaondolewa kimya katika orodha ya vinavyogombea kazi, na kompaila inatafuta kingine. Mafundi walijifunza kuitumia kanuni hiyo kama mlango wa siri: waliandika tamko kwa hila ili lishindwe kwa makusudi pale aina isipofaa. Ilifanya kazi, lakini iliandikwa kwa namna ambayo hata mafundi wenyewe waliisoma kwa taabu. Kanuni ya lugha ya mwaka 2011 ikaongeza njia nyingine iliyo wazi zaidi: mwandishi aliweza kuweka ndani ya kiolezo tamko la kudai, kwamba jambo fulani lazima liwe kweli wakati wa kufasiri, na kama si kweli kompaila ikome na kutoa ujumbe alioutunga yeye. Hii ilikuwa nafuu, lakini bado mlinzi alikaa sebuleni, hakukaa mlangoni.

Dawa kamili iliyotafutwa ilipewa jina lenye maana ya “dhana.” Dhana ni jina la fungu la masharti. Nalieleza kwa pamba, maana watu wa Bunda watanielewa upesi. Mkulima anapofikisha pamba yake kwenye chama cha msingi, haitwi kila mara kusomewa orodha nzima: iwe nyeupe, iwe kavu, isiwe na mawe, isiwe na majani wala mchanga. Orodha yote hiyo imefungwa katika neno moja, “safi.” Isiyofikia inaitwa “fifi,” nayo ina bei yake. Neno moja linabeba masharti yote; mkulima anayajua kabla hajatoka nyumbani, karani anayakagua kabla hajapima, na kiwanda cha kuchambua pamba kinajua kinachokuja. Pamba chafu ikigunduliwa penye mzani, inarudishwa ikachambuliwe tena. Ikigunduliwa ndani ya mashine, imekwisha kuchanganyika na ya wengine.

Ndivyo ilivyo dhana katika programu. Mwandishi anataja mara moja kwamba kitu fulani kitaitwa “kinachopangika” iwapo kinaweza kufanya hili, hili na hili. Kisha juu ya kiolezo chake anaandika: hiki kinapokea vinavyopangika tu. Kompaila inakagua mlangoni. Kinachoingia kinaingia, kisichofaa kinarudishwa, na sharti lililokosekana linatajwa kwa jina lake.

Tena kuna faida ya pili. Kama violezo viwili vinaweza kufanya kazi moja, kimoja kinachotaka masharti machache na kingine kinachotaka mengi lakini chenye kasi zaidi, kompaila inachagua chenyewe kile chenye masharti mengi pale kitu kinapoyatimiza yote. Haihitaji kuambiwa kwa hila.

Msidhani wazo hili lilikuwa geni. Katika miaka ya 1970 Barbara Liskov na wenzake katika chuo cha MIT walikuwa tayari wametengeneza lugha iitwayo CLU, ambamo kiolezo kiliandikiwa aina inayopokelewa lazima iweze kufanya nini. Lugha ya Ada iliyopata kanuni yake ya mwaka 1983 ilikuwa na masharti ya namna hiyo. Mwaka 1989 Philip Wadler na Stephen Blott walitoa mpango wao ulioingia katika lugha ya Haskell. Ugumu wa C++ ulikuwa ni kwamba nyumba ilikwisha kujengwa na watu wanaishi ndani. Kuweka mlango mpya bila kuwafukuza wenyeji si kazi ndogo. Mpango wa kwanza ulikuwa mkubwa na mzito, na mwezi Julai 2009, katika kikao cha kamati huko Frankfurt, Ujerumani, uliondolewa. Miaka ya kazi ikawekwa kando. Wenyewe hawakukata tamaa. Walirudi na mpango mwepesi zaidi, ukatolewa kwa majaribio mwaka 2015, na hatimaye ukawa sehemu ya kanuni rasmi iliyotolewa Desemba 2020. Toka violezo vitangazwe hadi mlinzi akae mlangoni ilipita miaka 32.

Haki inanitaka niseme pia mipaka ya dawa hii, ili msiondoke hapa mkidhani kwamba mlinzi anaona kila kitu.

Mpaka wa kwanza: mlinzi anakagua umbo, hakagui maana. Nikisema “Kitabu kimekula ugali,” upatanisho wote wa kisarufi ni sahihi, na sentensi ni upuuzi. Vivyo hivyo katika programu. Sharti la kupanga linauliza: je, vitu hivi viwili vinaweza kulinganishwa? Haliwezi kujua kama ulinganisho huo una mantiki. Tuseme timu ya Musoma imeifunga ya Bunda, ya Bunda imeifunga ya Butiama, na ya Butiama imeifunga ya Musoma. Sasa zipange kwa kanuni ya “aliyemfunga mwenzake awe juu.” Ulinganisho upo, kila jozi ina jibu, lakini mpango haupo. Kompaila itaupokea, na majibu yatakuwa ya ovyo. Jukumu la maana linabaki kwa binadamu.

Mpaka wa pili: katika C++ mlinzi anamkagua mteja, hamkagui fundi. Fundi anaweza kuandika mlangoni kwamba anataka kitu kinacholinganishwa tu, kisha ndani ya kiolezo akakitaka pia kijumlishwe. Kompaila haitamwambia fundi lolote siku anapoandika. Siku itakapofika aina inayolinganishwa lakini haijumlishiki, itapita mlangoni kwa amani na kuanguka ndani, kama zamani. Mpango ule ulioondolewa mwaka 2009 ulikusudia kumkagua fundi pia. Lugha nyingine, kama vile Haskell na Rust, zinamkagua: haruhusiwi ndani kutumia neno ambalo hakulitaja mlangoni. Wapo wataalamu wanaosema kwamba uhuru wa fundi una faida zake, hasa wakati wa kurekebisha violezo vya zamani hatua kwa hatua. Mimi kwa upande wangu naona sheria inayomfunga mgeni bila kumfunga mwenyeji ni nusu ya sheria.

Mpaka wa tatu unatoka kwetu wenyewe. Sharti likizidi kiasi huwa ubaguzi. Fundi akisema “napokea udongo wa Butiama peke yake,” atakataa udongo wa kichuguu cha Bunda unaosokotwa vizuri vile vile. Dhana njema haiulizi kitu kimetoka wapi wala kinaitwa nani. Inauliza kinaweza kufanya nini. Taja unachokihitaji, usitaje zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, nilisema funzo hili linatoka nje ya programu, na sasa nitaeleza. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye ikaja kubwa zaidi, na kazi ya hesabu za Serikali ikahamishiwa katika mashine. Kazi hiyo ilishindikana kwa hasara. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Walioandika habari za jambo hilo wanataja kushindikana kwa mpango ule wa hesabu kuwa miongoni mwa sababu, pamoja na uhaba wa wananchi waliokuwa na ujuzi wa kuuendesha.

Marufuku ile imekwisha zamani, na leo simu ya mkulima ina nguvu kuliko mashine ile ya Hazina. Sisemi hili kwa kuwalaumu wazee wetu; fedha za kigeni zilikuwa chache, na kuzilinda ulikuwa wajibu wao. Nalisema kwa sababu marufuku ni mlinzi wa namna ya pekee: ni mlango uliofungwa wote, baada ya tofali kupasuka tanuruni. Mashine ile nayo ilikuwa kiolezo. Ilikuja na nafasi wazi zilizohitaji kujazwa: watu waliofundishwa, hati zilizo sahihi, utaratibu wa kazi unaolingana nayo. Nafasi hizo zilikuwa na masharti, hata kama hayakubandikwa mlangoni. Kati ya kuacha mlango wazi na kuufunga kabisa ipo njia ya tatu, ya kuandika masharti na kuyakagua kabla ya kupokea. Hadi leo, shule, hospitali na halmashauri zinaletewa mifumo ya kompyuta mipya. Kabla ya kutia saini, ulizeni: kitu hiki kinahitaji nini ili kitende kazi? Umeme wa saa ngapi? Nani atakitengeneza kikiharibika Jumapili? Kumbukumbu zetu zimeandikwa kwa namna kinayoipokea? Muuzaji asiyeweza kujibu hana dhana. Ana kalibu tu.

Sasa nawageukia wadogo zetu. Nina maneno matatu.

La kwanza, mnaposoma ujumbe mrefu wa kosa, msiogope wingi wake. Tafuteni mstari mlioandika ninyi wenyewe, kisha mjiulize: nimekipa nini kiolezo hiki, nacho kilikuwa kinataka nini? Mara nyingi jibu liko katika maswali hayo mawili, na kurasa zilizobaki ni vumbi la tanuru.

La pili, mnapoandika kitu kitakachotumiwa na wengine, andikeni masharti yake juu, mahali panapoonekana, kwa maneno ya yule atakayekosea. Msimwachie agundue kwa kuanguka. Anayetunga sharti na kulificha anajitengenezea nafasi ya kuwalaumu watu.

La tatu, msikubali kuambiwa kwamba mambo haya hayafikiriki kwa Kiswahili. Lugha ambayo kila neno lake humkagua jirani yake, ikataka mtu apate m- na kitu kipate ki-, imewafundisha upatanisho kabla hamjaona kibodi. Kiingereza cha kompyuta mtajifunza, maana ndiyo lugha ya vitabu vingi vya kazi hii. Lakini akili ya kuona kwamba hiki hakipatani na kile mmetoka nayo nyumbani.

Kwa wenzangu wa zamani nina ombi moja. Katika ahadi tutakazotoa leo za kuisaidia shule yetu, tusilete vitu kabla ya kumwuliza Mkuu wa Shule na walimu wa somo lenyewe nini kinahitajika na nini kitawezekana kutunzwa. Tukae nao mezani, tuandike masharti, ndipo tuchange.